Picha ya kifua ni safi. Je, moshi wa malori haujanidhuru?

Swali

Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 51, fundi cherehani. Kwa miaka 14 nimeweka cherehani yangu kwenye baraza ya duka kando ya Barabara ya Mandela, upande wa Buguruni, ambako malori ya bandarini hupita tangu alfajiri mpaka usiku. Sijawahi kuvuta sigara. Nina presha, na dawa natumia mwaka wa sita sasa. Tangu mwaka jana nikipanda ngazi za ghorofa moja nahema kama mtu aliyekimbia, na jioni leso yangu huwa nyeusi. Nilikwenda hospitali nikapigwa picha ya kifua, nikaambiwa mapafu ni mazima, nikarudi na chupa ya dawa ya kikohozi, ingawa sikohoi sana. Kila jioni nanywa maziwa ili kuondoa vumbi, na barazani hujifunga kitambaa puani. Mjukuu wangu wa miaka 7 ana pumu, na akitoka shule hushinda nami pale huku nikipiga pasi ya mkaa. Mwezi wa saba nilikaa Kilwa wiki tatu kwenye msiba, nikajisikia mwepesi, hata presha ilishuka. Je, kama mapafu ni mazima, nitulie? Na mjukuu je?

Jibu

Marahaba, mama, na pole kwa msiba.

Nianze na jibu lenyewe kabla ya maelezo. Picha ya kifua iliyo safi ni habari njema, lakini haijalijibu swali lako. Picha ile huonyesha mambo kama nimonia, kifua kikuu, maji kwenye mapafu au uvimbe, na inaweza kudokeza moyo uliotanuka sana. Haionyeshi mishipa inayoulisha moyo damu, haionyeshi kama kuta za moyo zimekuwa nene, wala haipimi kasi ya hewa inayotoka kifuani unapopuliza kwa nguvu. Na kwa mtu mzima wa umri wako, sehemu kubwa ya madhara ya moshi wa nje huangukia huko huko kwenye moyo na mishipa ya damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019, na asilimia 68 ya vifo hivyo vilitokana na kuziba kwa mishipa ya moyo na kiharusi. Magonjwa sugu yanayoziba njia za hewa yalichukua asilimia 14, maambukizi makali ya mapafu asilimia 14 nyingine, na saratani ya mapafu asilimia 4. Kwa maneno mengine, katika kila watu kumi wanaouawa na hewa chafu, takribani saba hawafi kwa kukohoa. Ndiyo maana nasema usitulie bado, ingawa pia sioni sababu ya wewe kukosa usingizi leo.

Umeitaja leso nyeusi kama ushahidi wa kuumia, nami naisoma tofauti kidogo. Weusi ule ni masizi na vumbi ambavyo pua yako imevinasa. Hiyo ni kazi iliyokwisha kufanyika. Fikiria chekecheke ya unga: makapi hubaki juu nawe huyaona, ilhali unga laini umekwisha kupita. Vumbi la udongo, mchanga unaomwagika kutoka kwenye malori ya kokoto na masizi yaliyoshikana mabonge ni vitu vikubwa, na pua, koo na mirija ya juu ya hewa huvikamata kwa ute, kisha vinyweleo vidogo vinavyopepea ndani ya mirija huusukuma ute huo hadi kooni, ambako tunautema au kuumeza bila hata kujua. Kazi hiyo kwa kawaida humalizika ndani ya siku moja hivi. Chembe zinazotutia hofu sisi madaktari ni zile zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ambazo kwa kifupi huitwa PM2.5. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa takribani maikromita 70, kwa hiyo unaweza kuzipanga chembe hizo karibu thelathini kwenye upana wa unywele mmoja tu. Hazionekani moja moja, hazikwaruzi koo, na zikifika kwenye vifuko vya mwisho vya hewa hazikuti tena vinyweleo vya kuzifagia. Huko hubaki seli walinzi zinazozimeza polepole, kazi inayochukua wiki na hata miezi, na wewe kesho asubuhi umerudi barazani. Moshi wa dizeli, ambao ndio jirani yako wa miaka 14, una chembe nyingi zilizo ndogo hata kuliko hizo.

Sasa tuangalie kitu kilichoanzia kwenye pumzi kinafikaje kwenye moyo, maana hapa ndipo watu wengi, wakiwamo baadhi ya wenzangu, hukata uzi. Vifuko vya hewa vya mtu mmoja, kama vingetandazwa, vingefunika eneo la takribani mita za mraba 70, na utando unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko kitambaa chochote ulichopata kukikata. Mtu akiwa ametulia, damu ya mwili mzima, kama lita 5, hupita hapo kila dakika. Chembe zinapotua kwenye utando huo hufanya mambo ambayo tunayafahamu vizuri. Kwanza, huchokoza neva zilizomo ndani ya mapafu, nazo hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ndani ya dakika au saa chache mishipa hubana, presha hupanda, na mwendo wa mapigo ya moyo hupoteza ulaini wake wa kawaida. Pili, na hili ndilo kubwa kwa mtu anayeishi na moshi miaka mingi, mapafu hujibu kama yamejeruhiwa: hutoa kemikali za uvimbe ambazo hazibaki kifuani bali huingia kwenye damu, zikaifanya iwe rahisi kuganda, na zikakwangua ngozi laini iliyo ndani ya mishipa, ambayo kazi yake ni kuilegeza mishipa hiyo kila inapohitajika. Mshipa uliopoteza ngozi hiyo hukakamaa, na mafuta hupata mahali pa kujishika.

Njia ya tatu ilibishaniwa kwa muda mrefu: je, chembe zenyewe huweza kuvuka na kuingia kwenye damu? Mwaka 2017 watafiti wa Edinburgh walichapisha jaribio ambalo watu waliojitolea walivuta chembe ndogo mno za dhahabu, kwa kuwa dhahabu haina madhara kwa kiasi hicho na ni rahisi kuifuatilia mwilini. Dhahabu ile ilionekana kwenye damu ndani ya saa 24, ikaendelea kuonekana miezi mitatu baadaye, na kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mshipa wa shingo, ilikutwa imejikusanya kwenye sehemu iliyokuwa na mafuta. Masizi si dhahabu, lakini chembe ndogo kabisa za moshi wa dizeli zina ukubwa unaokaribiana na huo, na chekecheke ni ile ile.

Jaribio jingine linakuhusu moja kwa moja, kwa sababu lilitumia moshi wa injini ya dizeli. Mwaka 2007 wanaume 20 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, ambao hali zao zilikuwa tulivu, waliketi kwenye chumba maalumu kwa saa moja wakivuta moshi wa dizeli uliochanganywa na hewa, wakifanya mazoezi mepesi ya baiskeli kwa vipindi, na siku nyingine wakafanya hivyo hivyo kwenye hewa safi. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba siku ya moshi moyo ulikosa damu ya kutosha zaidi kuliko siku ya hewa safi, na mwili ulipungukiwa na uwezo wa kuyeyusha damu iliyoganda. Nikilisoma tena jaribio hili, linalonishtua ni kwamba lilichukua saa moja tu.

Ushahidi wa miaka mingi nao upo. Mwaka 1993 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 8,111 katika miji sita ya Marekani kwa muda wa miaka 14 hadi 16. Baada ya kuondoa athari za sigara, uzito na mengineyo, wakazi wa mji wenye hewa chafu kuliko yote, Steubenville katika jimbo la Ohio, walikuwa na kiwango cha vifo kilichozidi kwa asilimia 26 kile cha mji wenye hewa safi zaidi, Portage katika jimbo la Wisconsin. Tangu hapo tafiti za namna hiyo zimerudiwa kwenye nchi nyingi, na mwaka 2010 Chama cha Moyo cha Marekani kiliandika waziwazi kwamba chembe hizi laini huchangia magonjwa ya moyo na vifo vyake, na kwamba ni jambo linaloweza kupunguzwa. Kuhusu saratani nitasema kwa kifupi tu: mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka hewa chafu ya nje kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, lakini kwako wewe, usiyevuta sigara na mwenye presha, moyo unastahili kutangulia.

Utaniuliza: basi Mandela ndiyo iliyonipa presha? Siwezi kusema hivyo, na daktari atakayekuambia hivyo kwa uhakika anakudanganya. Presha ina mizizi mingi: urithi, chumvi, uzito, umri, kuketi muda mrefu, mawazo. Hatari ambayo hewa chafu inaiongeza kwa mtu mmoja ni ndogo ukiilinganisha na sigara, ila inamwangukia kila anayepumua, na inaelemea zaidi mahali palipokwisha kuwa na nyufa. Presha ni ufa wa namna hiyo. Mtu mwenye presha anayekaa kando ya barabara ya malori kwa saa tisa kwa siku hubeba mizigo miwili inayosaidiana kumkandamiza, na ndiyo sababu nakuhimiza urudi hospitali.

Ukirudi, usiseme tu kwamba kifua kinabana. Sema hivi: "Nina miaka 51, nina presha mwaka wa sita, na tangu mwaka jana nahema nikipanda ngazi." Maneno hayo matatu yakiwa pamoja yatampeleka daktari mzuri kwenye moyo. Kwa wanawake, hasa wanaokaribia au waliovuka ukomo wa hedhi, mishipa ya moyo inapobana haileti kila mara yale maumivu ya kifua ambayo watu huyasimulia. Mara nyingi huja kama kuhema, uchovu usioeleweka au kichefuchefu. Omba presha yako ipimwe kwa utulivu, ufanyiwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na ikiwezekana eko ya moyo, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo ukipiga, ili ijulikane kama kuta zake zimenenepa kwa miaka ya presha. Omba pia wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa damu humfanya mtu aheme vivyo hivyo na tiba yake ni nyingine kabisa. Sukari, kolesteroli na kazi ya figo vipimwe kwa damu hiyo hiyo moja. Kwa upande wa mapafu kipimo unachokihitaji ni spirometri, ambacho unapuliza kwa nguvu kwenye mrija na mashine inaonyesha kama njia za hewa zimebana. Hakipatikani kila hospitali, lakini hospitali kubwa za rufaa wanacho. Ile chupa ya dawa ya kikohozi mwonyeshe mfamasia kabla ya kuimaliza, maana baadhi ya dawa za mafua na kikohozi zina viungo vinavyopandisha presha. Dawa za presha usiziache hata siku moja, wala usizipunguze kwa kuwa ulijisikia vizuri Kilwa. Na kama siku yoyote kifua kikikubana kwa dakika kadhaa, maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, ukitokwa jasho la baridi, au upande mmoja wa uso au mwili ukilegea, usingoje kufunga duka: nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Tuje kwenye maziwa. Imani hii ina mizizi mirefu hapa kwetu; nimewahi kuona wafanyakazi wa viwanda vya vumbi wakigawiwa pakiti ya maziwa kila zamu kana kwamba ndiyo kinga. Maziwa hushuka kwa umio hadi tumboni. Vumbi hushuka kwa koromeo la hewa hadi kwenye mapafu. Ni mabomba mawili yanayoachana kooni, na kama maziwa yangeweza kuyafikia mapafu yako, ungekuwa umepaliwa, si umetibiwa. Yanalainisha koo, ndiyo sababu mtu huhisi amesafishwa. Ukiyapenda endelea kuyanywa kwa ajili ya mifupa, ila usiyahesabu kuwa kinga, na kwa hakika usimwambie mwajiri yeyote kwamba yanatosha.

Kitambaa cha puani nacho kina hadithi kama ya leso. Kinazuia vumbi kubwa, ambalo pua ingelizuia hata hivyo, na chembe laini hupita katikati ya nyuzi au pembeni mwa mashavu. Barakoa za upasuaji ni afadhali kidogo, lakini huacha mianya. Barakoa inayofanya kazi ni ile ya aina ya N95 au FFP2, iliyotengenezwa ili kuchuja angalau asilimia 94 au 95 ya chembe ndogo, kwa sharti kwamba imekaa usoni bila mwanya. Wagonjwa 98 wa mishipa ya moyo waliotembea katikati ya jiji la Beijing kwa saa mbili, siku moja wakiwa na barakoa ya kuchuja vizuri na siku nyingine bila, walikuwa na presha ya chini kidogo na moyo uliopata damu vizuri zaidi walipokuwa wameivaa. Hata hivyo najua hali halisi: kuvaa kitu cha namna hiyo saa tisa kwa siku kwenye joto la Dar es Salaam la mwezi Februari ni mtihani, na inapolowa jasho inakuwa ngumu kupumulia. Kwa mtu anayehema tayari sitaki aivae bila kumwona daktari kwanza. Iweke kwa ajili ya saa mbaya, kama asubuhi ambapo malori yamepanga foleni na upepo wa baharini haujaanza kuvuma.

Kitu kinachosaidia kuliko barakoa hakiuzwi dukani, nacho ni umbali. Moshi wa barabara kuu hupungua kwa kasi kadiri unavyoiacha barabara, na mshuko mkubwa zaidi uko ndani ya mita 100 hadi 150 za kwanza. Najua fundi huwekwa mahali anapoonekana na wateja. Lakini kibao kinaweza kubaki barabarani na cherehani ikaenda nyuma ya jengo au kwenye uchochoro wa pili. Mteja anayekufahamu kwa miaka 14 atatembea hatua hamsini. Kama hilo haliwezekani mwaka huu, basi angalau ondoka karibu na taa za barabarani, kituo cha daladala au mahali ambapo malori husimama yakinguruma, kwa kuwa injini inayosimama na kuondoka hutema moshi mwingi kuliko ile inayopita, na kaa upande ambao jengo linakukinga. Kazi za kukata vitambaa, kushona vifungo na kupima wateja zinaweza kuhamia ndani saa za msongamano.

Halafu kuna pasi. Uliitaja kwa kupita tu, lakini mimi imenisimamisha. Pasi ya mkaa iko sentimita chache kutoka usoni mwako, nawe unaiinamia. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, hivyo nafasi iliyokuwa ya oksijeni inakaliwa. Moyo wenye mishipa iliyobana huhisi upungufu huo kabla ya kiungo kingine chochote. Maumivu ya kichwa ya jioni, kama unayo, huenda yanatoka hapo kuliko kwenye macho. Pasi ya umeme ndiyo jibu ikiwa duka lina umeme. Kama haiwezekani, washa mkaa nje upande ambao upepo unaupeleka mbali nawe, usiingize pasi ndani mpaka mkaa umekolea wote na umeacha kutoa moshi, ingawa gesi hiyo bado itaendelea kutoka hata hapo, na kusanya nguo za kupigwa pasi kwa wakati mmoja badala ya kuiacha ikiwaka siku nzima miguuni pako.

Mjukuu ndiye anayenipa haraka zaidi kuliko wewe. Mtoto hupumua kwa kasi kuliko mtu mzima, huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake, na mapafu yake bado yanakua. Kusini mwa California, watafiti waliwafuatilia watoto 1,759 kutoka miaka 10 hadi 18 katika jamii kumi na mbili. Walipofika miaka 18, asilimia 7.9 ya waliokulia kwenye chembe laini nyingi kuliko wote walikuwa na mapafu yenye nguvu pungufu, dhidi ya asilimia 1.6 ya waliokulia kwenye hewa safi zaidi. Habari ya faraja ni kwamba hewa ya eneo hilo ilipoboreshwa miaka iliyofuata, watoto waliokuja baadaye walikua na mapafu yenye nguvu zaidi, kwa hiyo mtoto aliyeondolewa mapema kwenye moshi ana nafasi. Kwa mwenye pumu kuna hatari nyingine ya hapo hapo. Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara yenye msongamano kusini mwa London, alifariki Februari 2013 kwa pumu, na mwezi Desemba 2020 mchunguzi wa vifo wa Uingereza aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Kabla ya hapo hewa haikuwahi kuandikwa namna hiyo kwenye cheti cha kifo cha mtu nchini humo. Sikutajii hili ili kukutisha. Nakutajia kwa sababu watu husema pumu ni ugonjwa wa kurithi, basi, na kumwacha mtoto aketi palipo na moshi.

Kwa hiyo akitoka shule, asije barazani. Kama kuna jirani, shangazi au msikiti wenye madrasa ya alasiri mbali na barabara, ashinde huko. Kama hakuna, akae chumba cha nyuma, na wewe usiwashe pasi akiwepo. Muulize daktari wake kama anatumia pampu ya bluu peke yake. Ile hufungua njia za hewa zilizobana, lakini haitulizi uvimbe wa ndani. Mtoto anayeihitaji mara kwa mara kwa wiki kwa kawaida anahitaji pia pampu ya kinga ya kila siku. Na hakikisha anaitumia kwa spesa, kile kichupa kinachounganishwa na pampu, kwa sababu mtoto wa miaka 7 akijipulizia moja kwa moja, dawa nyingi huishia ulimini. Spesa ikiwa ghali, utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuizunguka pampu hufanya kazi vizuri kama ya dukani. Muuguzi akuonyeshe mara moja namna ya kuitengeneza.

Mazoezi usiyaache. Kutembea kunaupa moyo wenye presha faida kubwa kuliko hasara ya hewa, mradi utembee kwenye mitaa ya ndani na si kwenye bega la barabara. Nyumbani, taka za plastiki zisichomwe uani jioni, hata kama jirani anachoma. Hilo ni suala la kulifikisha kwa mjumbe wenu, kwa sababu moshi ule hukaa chini usiku kucha hewa inapotulia.

Kuna sehemu ambayo haiko mikononi mwako hata kidogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha PM2.5 kinachopendekezwa kwa wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, kwa kuwa madhara yalionekana hata chini ya 10, na asilimia 99 ya watu wa dunia wanaishi juu ya viwango vya shirika hilo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015, hatua ambayo naiheshimu, lakini dizeli safi ndani ya injini iliyochakaa bado hutoka na moshi mweusi, kama unavyoona mwenyewe kila asubuhi. Tunakosa pia vipimo: Kampala, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wametengeneza vipima hewa vya bei nafuu tangu mwaka 2015 na kuvifunga hata kwenye bodaboda, na ningependa kuona vya namna hiyo pale Buguruni.

Mwisho, Kilwa. Wiki tatu bila barabara, presha ikashuka, ukajisikia mwepesi. Katika bonde moja la Utah huko Marekani, kiwanda cha chuma kilifungwa kwa mgogoro wa wafanyakazi kuanzia Agosti 1986 hadi Septemba 1987, na watafiti wakagundua kwamba watoto wadogo waliolazwa kwa mkamba na pumu walikuwa takribani nusu ya wale wa nyakati kiwanda kikiwaka. Ulichokiona Kilwa kinafanana na hicho, ila nisingependa ukiamini haraka hivyo: huko pia huenda ulitembea zaidi, hukuketi kwenye cherehani, hukuinamia pasi, na chakula kilikuwa kingine. Basi tukipime. Nunua daftari dogo, na kwa wiki nne andika presha yako kila asubuhi kabla ya kutoka na kila jioni ukirudi, ukiwa umeketi dakika tano kimya, na pembeni uandike kama siku hiyo ulifanya kazi mbele au nyuma ya jengo, kama uliwasha pasi, na kama mvua ilinyesha, maana mvua huosha hewa. Daftari hilo nenda nalo hospitali siku ya eko, kabla hawajakuuliza chochote.